Hotuba ya Rais Bungeni: Ilitoka Wapi, Ni ya Nini, na Ripoti Tatu Zenye Watu Husahau Kusoma

Kila mwaka kuna ile siku unashtukia matatu imekataa kuingia tao. Karao wamejaa Parliament Road, City Hall Way imefungwa, konda anakushusha mbali na kukwambia umalizie na mguu. Ukiingia kwa kibanda kutafuta chapo dondo, TV iko juu. Gwaride, bendi, waheshimiwa wamevaa luku za harusi, na Rais anatembea polepole kwa zulia jekundu. Lazima kuna mtu atauliza, "Leo ni holide gani tena?"

Si holide. Ni siku ya Rais kuhutubia Bunge kuhusu hali ya taifa.

Wengi wetu huicheki dakika kumi, tunatengeneza memes mbili tatu, halafu tunarudi kwa hustle. Na sikulaumu. Hotuba ni ndefu, imejaa mabilioni na kilomita, na kila mwaka unaambiwa taifa liko imara hata kama unga iko bei mbaya. Lakini wacha nikuambie kitu moja: hii siku si sherehe ya Rais. Ni siku yake ya kuleta ripoti. Ni kama venye ulikuwa unapeleka ripoti fomu nyumbani mwisho wa term. Tofauti ni kwamba hapa mwanafunzi ndiye anajiandikia alama, na mzazi, yaani mimi na wewe, huwa hatufungui bahasha.

Kwa hivyo leo tuifungue.

Katiba inasema nini?

Twende moja kwa moja kwa Katiba ya 2010, Kifungu cha 132. Hapo Rais amepewa kazi kadhaa zenye hawezi kuruka.

Ya kwanza, Bunge jipya likichaguliwa, lazima aende kulifungua kwa hotuba. Hiyo hufanyika mara moja baada ya kila uchaguzi mkuu. Uhuru Kenyatta aliifanya Aprili 16, 2013. William Ruto akaifanya Septemba 29, 2022.

Ya pili, mara moja kila mwaka lazima ahutubie kikao maalum cha Bunge. Hii ndiyo watu huita State of the Nation. Anaweza pia kwenda kuhutubia siku ingine yoyote, lakini hii moja ya kila mwaka ni lazima.

Ya tatu ndiyo watu wengi hawana rada nayo. Kila mwaka Rais anafaa kuripoti kwa taifa hatua zenye serikali imechukua kutimiza maadili ya kitaifa, halafu maelezo yenyewe yachapishwe kwa Gazeti Rasmi la Serikali. Pia anafaa kupeleka kwa Bunge la Kitaifa ripoti kuhusu venye Kenya inatimiza mikataba yake ya kimataifa.

Ongeza hapo Kifungu cha 240, chenye kinasema Baraza la Kitaifa la Usalama, lenye Rais ndiye mwenyekiti wake, liripoti kwa Bunge kila mwaka kuhusu hali ya usalama nchini.

Ukijumlisha, ni ripoti tatu: maadili ya kitaifa, mikataba ya kimataifa na usalama. Ukiona Rais amemaliza kubonga na anawapatia Maspika vitabu vinene mbele ya kamera, ndizo hizo. Hotuba ni trela tu. Muvi yenyewe iko kwa hizo karatasi.

Na usidhani maadili ya kitaifa ni maneno ya Sunday school. Kifungu cha 10 kimeyataja moja moja: umoja, utawala wa sheria, demokrasia, wananchi kushirikishwa, haki za binadamu, kulinda waliotengwa, uadilifu, uwazi, uwajibikaji, maendeleo endelevu na mengine. Kwa hivyo kama kuna wasee walipotezwa, kama mradi ulipitishwa bila wananchi kuulizwa, kama tenda ilipeanwa gizani, hiyo ripoti ndio mahali inafaa kuelezwa. Kama haijaelezwa, hilo ndilo swali lako la kwanza.

Stori inaanza na Gavana

Hii hotuba yetu ina wazazi wawili. Mmoja ni Mwingereza, mwingine Mmarekani.

Kule Uingereza, mfalme au malkia hufungua Bunge kwa kusoma hotuba akiwa kwenye kiti cha enzi. Cha kushangaza ni kwamba hiyo hotuba haiandiki. Serikali ndiyo humwandikia, yeye anasoma tu sheria zenye serikali inataka kupitisha. Mkoloni alipoanzisha Baraza la Kutunga Sheria hapa kwetu mwaka wa 1907, alikuja na mtindo huo. Gavana ndiye alikuwa anasimama mahali pa mfalme. Waafrika hawakuwa ndani kabisa mpaka 1944, wakati Eliud Mathu aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kukaa humo. Yaani kwa karibu miaka 37, mwenye nchi alikuwa anahutubiwa akiwa nje ya dirisha.

Vitu mob zenye unaona siku ya hotuba zilitoka huko. Spika kuvaa joho, ile siwa yenye hubebwa mbele yake kuonyesha mamlaka ya Bunge, gwaride nje ya mlango: zote ni za Mwingereza.

Mzazi wa pili ni Marekani. Katiba yao inamtaka rais alipe Bunge lao habari kuhusu hali ya muungano mara kwa mara. George Washington alifanya ya kwanza Januari 8, 1790, New York, na ilikuwa fupi sana, maneno elfu moja na kitu hivi. Thomas Jefferson alipoingia, mwaka wa 1801 akaamua kutuma maandishi badala ya kwenda mwenyewe, na marais waliofuata wakaendelea hivyo zaidi ya miaka mia moja. Woodrow Wilson ndiye alirudisha ile ya kusimama mbele ya wabunge, 1913. Baadaye ikaingia redio 1923 na Calvin Coolidge, TV 1947 na Harry Truman, na 1965 Lyndon Johnson akaipeleka jioni ndio watu waicheki wakiwa nyumbani.

Ona hapo tofauti. Ya Mwingereza inauliza: serikali itafanya nini? Ya Mmarekani inauliza: mambo iko aje? Ya kwetu ilianza kama ya Mwingereza, halafu 2010 ikahamia upande wa pili. Lakini marais wetu bado wanapenda sana ile ya kwanza. Kuahidi ni tamu kuliko kueleza.

Wakati Rais alikuwa mdosi wa Bunge

Kama ulizaliwa juzi, hii itakushangaza. Kabla ya 2010, Rais wa Kenya alikuwa pia mbunge. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa mbunge wa Gatundu, Moi wa Baringo ya Kati, Kibaki wa Othaya. Siku ya hotuba, Rais hakuwa mgeni kwa hiyo nyumba. Alikuwa kwake.

Na si kuwa mbunge tu. Rais alikuwa na nguvu ya kufunga kikao cha Bunge na hata kulivunja kabisa wakati anataka. Moi alikuwa anajulikana kwa kuita tarehe ya uchaguzi silaha yake ya siri. Sasa fikiria wewe ni mbunge, unasikiza hotuba ya mtu mwenye anaweza kukurudisha nyumbani kesho asubuhi. Utauliza swali gani? Na kati ya 1982 na 1991, sheria ilikuwa inaruhusu chama kimoja tu, kwa hivyo hata wa kupinga hakuwa ndani.

Siku hizo hotuba ilikuwa ya kufungua kikao kipya. Rais anataja miswada yenye serikali inaleta, wabunge wanapiga makofi, imeisha.

Lakini tusidanganyane ati hazikuwa na maana. Chukua Machi 2008. Nchi ilikuwa imetoka kuungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 wamekufa na mamia ya maelfu wametoroka makwao. Februari 28 Kibaki na Raila Odinga wakasaini makubaliano. Wiki moja baadaye, Kibaki akasimama mbele ya Bunge la Kumi na kuwaomba wabunge wapitishe sheria za kuyapa hayo makubaliano nguvu. Kufikia Machi 18, Bunge lilikuwa limezipitisha, na cheo cha Waziri Mkuu kikarudi. Hapo hotuba ilifanya kazi yake: shida imetajwa wazi, sheria imeitishwa wazi, na Bunge likafanya sehemu yake mwezi huo huo.

2010: mdosi anageuka mgeni

Katiba mpya ilibadilisha hii risto yote. Rais si mbunge tena. Hawezi kuvunja Bunge kwa sababu ameamka vibaya. Tarehe ya uchaguzi imeandikwa: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Bunge linapanga kalenda yake lenyewe, na Seneti ilirudi baada ya kupotea tangu 1966.

Kwa hivyo Rais akiingia pale leo, anaingia kama mgeni mwenye amekuja kutoa hesabu. Mawaziri wake pia si wabunge. Wenye wamekaa mbele yake ni wabunge 349 na maseneta 67, jumla 416, pamoja na Maspika wawili. Kikao hufanyika kwa ukumbi wa Bunge la Kitaifa kwa sababu ndio mkubwa.

Kanuni za Bunge zinasema Rais asikizwe kwa utulivu, na akimaliza hakuna maswali wala maoni papo hapo. Kwa karatasi. Kwa ground, unajua venye huwa. Machi 31, 2016, wabunge wa upinzani walianza kupiga firimbi Uhuru akitaka kuanza hotuba. Ikabidi Spika Justin Muturi afukuze baadhi yao ndio mambo iendelee. Na upande wa pili, makofi na kelele za "yes" huwa nyingi mpaka hotuba ya saa moja inakaribia mbili.

Kitu kingine: Katiba haijataja mwezi. Uhuru kati ya 2014 na 2017 alikuwa anaenda Machi. 2018 ikawa Mei, 2019 ikawa Aprili, halafu 2020 na 2021 zikawa Novemba. Ruto naye amekaa na Novemba: 2023, 2024 na 2025.

Hotuba zenye zilitikisa

Machi 26, 2015. Hii ni kubwa. Siku moja, Uhuru alifanya vitu viwili. Kwanza, alileta Bungeni orodha ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, yenye majina ya maafisa waliokuwa wanachunguzwa, na akataka waliotajwa wakae kando na uchunguzi umalizike kwa siku 60. Mawaziri watano wakakaa kando. Magazeti yakaiita orodha ya aibu. Siku 60 ziliisha, kesi zingine zikafika kortini, zingine zikafungwa bila mashtaka, na hasira ya siku ile ikapoa.

Pili, aliomba Wakenya msamaha kwa niaba ya serikali, yake na zenye zilitangulia, kwa dhuluma za zamani. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa imemfikia tangu Mei 2013, na ndani yake kulikuwa na mambo mazito kama mauaji ya Wagalla ya 1984. Akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu ya kuwasaidia waathiriwa.

Fikiria wewe ni mama wa Wajir, umengoja tangu 1984, halafu Rais mwenyewe anasema pole kwa TV na kutaja pesa. Hiyo siku lazima ulilia. Lakini miaka mitatu ikaisha, Uhuru akamaliza hata muhula wa pili, na waathiriwa bado walikuwa wanauliza hiyo doh iko wapi. Hii ndiyo sababu naandika hii stori. Hotuba ya hali ya taifa si burudani kwa kila mtu. Kuna mtu alichukua daftari na kuandika ile figa, akaanza kungoja.

Mei 2, 2018. Nchi ilikuwa imetoka kwa uchaguzi mbili za 2017, ya Agosti yenye Mahakama ya Juu iliifuta na ile ya marudio ya Oktoba. Handshake ya Uhuru na Raila ilikuwa imefanyika Machi 9. Kwa hotuba, Uhuru akaomba msamaha kama kuna maneno alisema mwaka uliopita yakaumiza mtu, na akawaomba viongozi wengine wafanye hivyo. Baada ya hapo, wabunge wa pande zote walikuwa wanasalimiana kwa ukumbi kama watu wa harusi.

Novemba 21, 2024. Miezi mitano hivi baada ya vijana kuingia Bunge Juni 25 wakipinga Mswada wa Fedha, Ruto alisimama kwa jengo hilo hilo. Watu walikuwa wanangoja kusikia kuhusu Adani. Kulikuwa na mipango miwili: mmoja wa uwanja wa ndege wa JKIA kwa miaka 30, mwingine wa laini za stima. Siku moja tu kabla, waendesha mashtaka wa Marekani walikuwa wametangaza mashtaka ya hongo dhidi ya bilionea Gautam Adani, na kampuni yake ikayakana. Ruto akatangaza kwamba mipango yote miwili ifutwe mara moja. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Lakini angalia vizuri nani alifanya kazi kabla ya hayo makofi. Chama cha Wanasheria na Tume ya Haki za Binadamu ya KHRC walikuwa wameenda kortini. Mahakama Kuu ilikuwa imesimamisha ule wa JKIA tangu Septemba, na ule wa stima Oktoba. Wafanyakazi wa uwanja wa ndege walikuwa wamegoma Septemba 11 mpaka wasafiri wakalala nje na masanduku. Wabunge waliopiga makofi ni wale wale wenye kazi yao ni kuuliza maswali mapema. Wengi walinyamaza mpaka Rais akawapa ruhusa ya kushangilia.

Novemba 20, 2025. Ruto akaja na ndoto kubwa: Kenya ifuate njia ya nchi kama Singapore, mpango wa trilioni 5, mabwawa 50 makubwa, kilomita 2,500 za barabara kuu zipanuliwe ziwe za njia mbili, kilomita 28,000 zingine ziwekwe lami. Wengine wakasema hiyo ndiyo maono, wengine wakasema ni kampeni ya 2027. Sitakuamulia. Nakuambia tu: andika hizo figa mahali.

Rais akisema, imekuwa sheria?

Hapana. Na hapa ndio watu huchezwa.

Kifungu cha 135 kinasema uamuzi wa Rais katika kazi zake za Katiba lazima uwe kwa maandishi, na uwe na muhuri na sahihi yake. Kubonga kwa mic, hata kama ni mic ya Bunge, peke yake haitoshi.

Pesa nayo ina mlango wake. Rais anaweza kutaja bilioni 10 au trilioni 5, lakini shilingi haitoki kwa hazina ya serikali bila idhini ya sheria, na hiyo inapitia kwa Bunge wakati wa bajeti. Kwa hivyo ukisikia ahadi Novemba, mahali pa kuicheki ni kwa makadirio ya bajeti yenye wabunge hujadili kufikia Juni. Kama haiko hapo, ilikuwa upepo. Na kama wabunge waliipigia makofi Novemba na hawakuitafuta Juni, jua nani mwingine wa kuuliza.

Sasa Bunge hufanya nini baada ya Rais kuondoka? Hotuba huwekwa mezani rasmi, halafu kunakuja hoja ya kumshukuru Rais. Wabunge wanaijadili kwa siku kadhaa, kila mtu na maoni yake. Hapo ndipo maswali yenye hayangeulizwa siku ya kwanza yanafaa kuulizwa. Shida ni kwamba siku hiyo hakuna zulia jekundu, kamera zimeenda, na viti vingi viko wazi. Ripoti zile tatu nazo zinafaa kwenda kwa kamati zichambuliwe ukurasa kwa ukurasa. Kikao cha Rais ni cha masaa mawili. Kazi ya Bunge ni ya mwaka mzima.

Majirani wanafanyaje?

Uganda, katiba yao inamtaka rais alete hotuba ya hali ya taifa mwanzo wa kila kikao cha Bunge, na kawaida huwa Juni. Miaka ya karibuni imekuwa ikifanyiwa Kololo, Kampala.

Tanzania, katiba inamtaka rais ahutubie Bunge jipya na kulifungua, na anaweza kurudi wakati wowote. Lazima ya kila mwaka kama yetu hawana.

Afrika Kusini huwa Februari, na ni drama. Mwaka wa 2015 wabunge wa chama cha EFF walitolewa kwa nguvu wakimuuliza Jacob Zuma atarudisha lini pesa za nyumba yake ya Nkandla. Ukilinganisha, firimbi zetu za 2016 zilikuwa mchezo wa watoto.

Venye utaisikiza ingine

Mimi college niliachia njiani na si wakili, lakini hii haihitaji digrii. Inahitaji daftari tu.

Moja, gawanya kila sentensi kwa mafungu mawili: "tulifanya" na "tutafanya". Katiba inataka hatua zilizochukuliwa na maendeleo yaliyofikiwa, yaani "tulifanya". Kama "tutafanya" imejaa kurasa na "tulifanya" ni mistari mitatu, umeelewa.

Mbili, linganisha na hotuba ya mwaka uliopita. Hizi hotuba huchapishwa, na maneno yote ya Bunge huandikwa kwa kumbukumbu rasmi ya Hansard, yenye unaeza soma kwa tovuti ya Bunge bure. Tafuta ahadi moja inayokugusa: hospitali, barabara yenu, ajira. Iko wapi?

Tatu, sikiza kenye hakijatajwa. Waliouawa kwa maandamano, madeni, walimu, mishahara ya madaktari. Kimya pia ni jibu.

Nne, itisha karatasi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zenye serikali inashikilia, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Kutuma ombi hakulipishwi, labda tu gharama ya kukuchapishia nakala. Wakikunyamazia, unapeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman.

Tano, Kifungu cha 119 kinakuruhusu kupeleka ombi Bungeni kuhusu jambo lolote lenye liko kwa mamlaka yao. Si lazima uwe na jina kubwa wala chama.

Kwa hivyo next time konda akikushusha mbali na tao kwa sababu ya Rais, usikasirike bure. Ingia kibandani, agiza chai, toa daftari. Yule mzee kwa TV amekuja kukusomea ripoti yake, na mwenye anafaa kuisaini au kuikataa ni wewe. Mtu akiuliza leo ni holide gani, mwambie ni siku ya kufungua bahasha.